Mtoto Hakurudishwa: Wazazi Walioachana na Masikilizano Yaliyovunjwa

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote.

Enyi waumini, kila mwaka vakansi kubwa inapokwisha, kamati za misikiti yetu hupokea mashauri ya namna moja. Baba na mama waliachana. Waliketi mbele ya wazee wakasikilizana: mtoto akae kwa mama yake, baba atoe chakula na gharama za masomo kila mwezi, na wakati wa vakansi mtoto aende kwa baba. Watu wakasoma Fatiha, wakapeana mikono, wakatawanyika. Mwezi wa Julai mtoto akapelekwa kwa baba yake. Septemba ikafika, shule zikafunguliwa, na mtoto hakurudishwa. Mama akipiga simu, hakuna anayeishika. Au shauri ni kinyume cha hilo: baba ametoa kila alichoahidi, na siku ya kuja kumtwaa mtoto anakuta nyumba imefungwa, majirani wanamwambia mama amehamia Kalemie au Lubumbashi, na hakuna anayejua mtoto anasoma shule gani.

Ndipo yule aliyedhulumiwa anakuja na maswali yake. Shehe, mwenzangu amevunja masikilizano, je, mimi bado yananifunga? Je, naweza kuomba yabadilishwe? Je, naweza kwenda kumchukua mtoto mwenyewe? Haya maswali matatu ndiyo somo letu la leo. Hilo la tatu tutalikalia zaidi kuliko mengine, maana ndilo linaloleta vita kati ya jamaa mbili na kumwacha mtoto katikati.

Ndugu zangu, tuanze na ahadi yenyewe. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inawaamrisha walioamini kutimiza mapatano yao, na aya ya 34 ya Suratul Israa inatujulisha kwamba ahadi itaulizwa Siku ya Kiama. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Waislamu husimama kwenye masharti yao, isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Kwa hiyo karatasi mliyotia sahihi mbele ya wazee si karatasi ya kufungia sukari. Aliyeweka mkono wake pale amejifunga mbele ya Mwenyezi Mungu kabla ya kujifunga mbele ya watu.

Lakini mfahamu jambo moja. Masikilizano juu ya mtoto si sawa na masikilizano ya kuuza shamba. Shamba lina mwenyewe, akiliuza limekwenda. Mtoto hana mwenyewe kati ya hao wawili, ni amana mikononi mwao wote. Malezi ya mtoto, ambayo wanazuoni wanayaita hadhana, yamewekwa kwa ajili ya kumlinda yule mdogo asiyeweza kujilinda. Ndiyo maana katika madhehebu yetu ya Shafii, mama aliyeacha haki yake ya malezi, halafu akarudi kuidai, haki yake inamrudia. Wako wanaume wanaomlazimisha mke kuandika kwamba amewaacha watoto moja kwa moja ili apewe talaka yake, kisha wanaitunza hiyo karatasi sandukuni kama hati ya nyumba. Hiyo si hati ya nyumba. Ukweli wa jambo ukidhihiri baadaye, shauri linafunguliwa upya.

Katika barua mashuhuri inayopokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.) kwenda kwa Abu Musa Al-Ash'ari, Umar anamuusia kadhi wake kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kuirudia haki leo ikiwa ameiona. Ikiwa hukumu ya kadhi inaweza kutazamwa tena, masikilizano ya watu wawili ni zaidi. Basi swali la pili tumekwisha kulijibu: ndiyo, inaruhusiwa kuomba yabadilishwe, tena hata bila ya mmoja kuyavunja, hali ya mtoto ikiwa imebadilika.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Mwenzako akivunja upande wake, wewe hujafunguliwa upande wako. Hapa wengi wanapotea. Baba anasema: hanionyeshi mtoto, basi sitoi hata franga moja. Mama anasema: hatoi kitu, basi mtoto hatamwona. Kila mmoja anajiona ana haki, na wote wawili wamekula haki ya mtu wa tatu. Chakula cha mtoto si bei ya kumwona. Kinamlazimu baba kwa kuwa ni baba, na tumbo la mtoto halijui nani alikosea. Vilevile kumwona baba yake si malipo ya unga na mafuta. Aya ya 233 ya Suratul Baqara imekataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake, wala baba asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake. Aya moja imewataja wote wawili.

Mtazameni Hind binti Utba. Alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba mumewe Abu Sufyan hampi yeye na wanawe kinachowatosha. Bukhari na Muslim wameipokea habari hiyo. Mtume alimruhusu kuchukua katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Alimwonyesha njia ya kupata haki ya chakula kupitia mali. Hakumwambia awafiche watoto.

Na sasa swali la tatu, la kwenda kumchukua mtoto mwenyewe. Imam Malik ameandika katika Muwatta habari ya Sayyidna Umar bin Khattab. Umar alikuwa na mke wa Kiansari aliyemzalia mtoto jina lake Asim, kisha wakaachana. Siku moja Umar akafika Quba akamkuta Asim anacheza kwenye uwanja wa msikiti. Akamshika mkono akampandisha mbele yake juu ya mnyama. Nyanya wa mtoto, mama wa yule mwanamke, akamfuata, wakashindana, hata wakafika mbele ya Abu Bakr (r.a.) aliyekuwa khalifa. Umar akasema ni mwanangu, yule mwanamke akasema ni mwanangu. Abu Bakr akamwamuru Umar amwachie mtoto. Na Umar hakurudisha neno hata moja.

Enyi waumini, jueni ni nani tunayemzungumza. Huyu ni Umar, mtu ambaye Makureshi walimwogopa. Alikuwa baba halali wa mtoto. Mtoto alikuwa anacheza tu, hakuna aliyemzuia kwa silaha. Na juu ya hayo yote, shauri halikumalizwa na nguvu za mkono, lilimalizwa mbele ya mwamuzi, na mwenye nguvu akanyamaza. Je, ni nani kati yetu mwenye haki kubwa kuliko Umar, hata ampakie mtoto kwenye pikipiki akitoka shule? Ni nani kati yetu anayeruhusiwa kumtuma shemeji yake aliye askari, na bunduki, kwenda kumtoa mtoto kwa mama yake usiku? Mtoto aliyechukuliwa hivyo hasahau. Ukimuuliza akiwa mtu mzima, atakusimulia mpaka rangi ya shati uliyovaa siku hiyo.

Basi aliyechukuliwa mtoto asimchukue naye kwa kuiba. Njia yake ni kudai mbele ya watu. Lakini kabla ya kudai atenganishe mambo mawili: kuvunja ahadi na kushindwa kuitimiza. Vita vilipofika Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari 2025, familia nyingi zilitawanyika, barabara zikafungwa. Mzazi aliyekuwa na mtoto upande mmoja wa njia, na mwenzake upande wa pili, hakuvunja kitu kwa kutomrudisha siku iliyoandikwa. Amelinda roho. Imam Nawawi, katika Minhaji ambayo wengi wetu tumeisoma chuoni, ameweka wazi kwamba mzazi anayehama hana haki ya kuhama na mtoto isipokuwa njia iwe ya amani na mji anaokwenda uwe wa amani. Na ikiwa ni safari ya haja tu, si ya kuhama, mtoto anabaki na yule aliye mjini mpaka msafiri arudi. Kwa hiyo mwenye kumshika mtoto kwa sababu ya hofu ya kweli ana udhuru. Lakini mwenye udhuru hajifichi. Anapiga simu, anatuma habari kwa imamu au kwa shefu wa kartiye, anamweka mtoto azungumze na mzazi wake. Aliyezima simu miezi mitatu hana vita vya kutuambia.

Vilevile baba aliyepoteza kazi, au aliyekuwa kwenye machimbo na shimo likakauka. Aya ya 7 ya Suratut Talaq inasema kila mmoja atoe kwa kadiri ya alichoruzukiwa. Huyo aje aeleze, kiasi kipunguzwe mpaka apate. Lakini baba anayeoa mke wa pili na kununua pikipiki mpya, huku akimwambia mama wa mwanawe kwamba hali ni ngumu, hali yake tunaiona sote barabarani.

Na si kila kosa ni sababu ya kuhamisha malezi. Mtoto akirudi Jumapili badala ya Jumamosi, hilo si shauri la kupeleka popote, ni la kusemezana. Sababu nzito ni hizi tunazozijua: mtoto kufichwa, kuondolewa shuleni, kupigwa mpaka kuumizwa, kuachwa mikononi mwa watu wasiomjali, kufundishwa kumtukana mzazi wake, au kusingiziwa uchawi na watu wa nyumba aliyopelekwa. Hili la mwisho lisiwafanye mkae na kungoja kikao cha Ijumaa. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemshtaki mtoto uchawi. Hapo ni kupiga mbio siku hiyo hiyo, kwa shefu, kwa polisi, popote penye mtu wa kumtoa mtoto katika hatari.

Kwa mambo mengine, njia ina hatua zake. Kwanza andika. Tangu siku ya kwanza, chukua daftari la mtoto wa shule uandike tarehe: siku gani ulipaswa kumpokea, nani alikuwepo, umejibiwa nini. Ujumbe wa simu usiufute. Ukituma fedha kwa simu, tunza ule ujumbe wa kuthibitisha. Watu wetu wanakuja mbele ya kamati na machozi, na machozi ni ya kweli, lakini ukiuliza tarehe hawana. Na mwenzao anakana kila kitu kwa kiapo.

Pili, warudie wale wale waliosimamia masikilizano. Aya ya 35 ya Suratun Nisaa imeamuru mwamuzi kutoka jamaa ya mume na mwamuzi kutoka jamaa ya mke pale panapohofiwa mfarakano, na hekima hiyo inafaa hata baada ya talaka, kwa kuwa ukoo wa mtoto haukuachana. Wachague watu wenye kumwogopa Mungu. Mjomba anayekuja kupasha moto, mwacheni nyumbani. Wapewe siku maalumu, wiki mbili au tatu, na mtoto arudishwe kwanza kabla ya mazungumzo mengine. Aliyemshika mtoto asiachwe ajadiliane huku amemshika, maana hapo anauza.

Tatu, wakishindwa hao, shauri liende tribinalini. Najua wako wanaosema kwamba kumpeleka Mwislamu mwenzako mbele ya serikali ni aibu. Ndugu zangu, aibu ni mtoto kukosa mwaka wa shule. Karatasi ya msikiti ni ushahidi wa yale mliyokubaliana, lakini si hukumu ya serikali, na polisi hawaondoki kwa ajili yake. Mashauri ya talaka katika nchi yetu husikilizwa kwenye tribinali ya amani, wanayoiita kwa Kifaransa tribunal de paix. Sheria hiyo ya 2009 imeweka pia tribinali za watoto, tribunal pour enfants. Nenda kwa karani wa tribinali iliyo karibu nawe umuulize shauri lako lipokelewe wapi. Muulize yeye, usiwaulize wale vijana wanaosimama mlangoni na makaratasi, wanaokula fedha za wajane. Chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto, karatasi ya masikilizano, lile daftari, na mashahidi wawili wanaojua maisha ya mtoto: mwalimu wake ni bora kuliko ndugu zako watano.

Mkifika huko, jueni mwamuzi anatafuta nini. Sheria ya 2009 imeweka maslahi ya mtoto mbele ya yote, na imempa mtoto mwenye kupambanua haki ya kusema anachokiona. Atakayezungumza saa nzima juu ya ubaya wa mwenzake bila kueleza mtoto atalala wapi, atasoma wapi na nani atampikia, amepoteza nafasi yake. Omba jambo linalojulikana: malezi yahamie kwako, au siku za kumwona zibadilishwe, au akabidhiwe mbele ya mtu wa tatu, au asisafirishwe nje ya mji bila ya wote wawili kukubali. Mara nyingi kubadilisha namna ya kukabidhi kunatosha, na mtoto habanduki alipozoea.

Hapa lazima niseme neno juu ya wale waliofunga ndoa msikitini tu. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, haiihesabu ndoa ya dini peke yake. Inatambua ndoa iliyofungwa mbele ya ofisa wa serikali, au ya kimila iliyoandikishwa. Hilo halimfanyi mtoto wenu asiwe na haki. Lakini linafanya shauri liwe refu, hasa mtoto akiwa hakuandikishwa. Kuandikisha uzazi ndani ya siku 90 ni bure kuliko kuhangaika miaka. Wenye watoto wachanga waende wiki hii.

Jambo la kumsikiliza mtoto si la Wazungu, kama nilivyosikia mtu akisema. Abu Huraira (r.a.) amesimulia kwamba mwanamke alimjia Mtume (s.a.w.) akasema mume wake anataka kumchukua mwanawe, na huyo mwana ndiye anayemchotea maji kisimani na kumfaa. Baba akaja akashindana. Mtume akamwonyesha kijana baba yake na mama yake, amshike mkono amtakaye. Akamshika mama yake, akaondoka naye. Habari hii wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Wanazuoni wetu wakasema mtoto akifika miaka kama saba na akapambanua, anachagua, na akibadilisha fikra baadaye anahamishwa. Na aliyechagua kwa mama, mchana baba anamfundisha na kumsomesha. Na aliyechagua kwa baba, akiugua, mama ndiye mwenye haki ya kumuuguza. Oneni jinsi hukumu hizi zisivyomkata mtoto na upande wowote.

Kuna wanaodhani mama akiolewa tena, mtoto anakuwa wa baba siku hiyo, na hapo hakuna haja ya masikilizano wala tribinali. Ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) alimwambia mama mmoja kuwa yeye ana haki zaidi ya mtoto muda asipoolewa. Lakini katika madhehebu yetu, baada ya mama anakuja nyanya mzaa mama kabla ya baba. Na mbele ya serikali, kuolewa peke yake hakumalizi shauri, mwamuzi anaangalia nyumba yenyewe. Mkumbuke binti wa Hamza, yatima wa Uhud. Ali, Zaid na Jaafar walimgombania mwaka wa 7 wa Hijra, na Mtume akampa Jaafar kwa kuwa mke wake Asma alikuwa dada wa mama wa mtoto. Asma alikuwa na mume, na mtoto akapata nyumba.

Mwisho ni karatasi mpya, kwa wale watakaopatana kabla ya kufika kwa mwamuzi. Msiandike tena maneno ya hewani. Andikeni kiasi cha fedha na siku ya mwezi ya kukitoa. Andikeni jina la shule. Andikeni nani anamleta mtoto na nani anamchukua, na nauli ya nani. Andikeni kwamba atakayehama atoe habari mwezi mmoja kabla, na simu ya kuzungumza na mtoto ni siku gani, saa ngapi. Andikeni kitakachofanyika njia ikifungwa. Nakala ziwe tatu: ya baba, ya mama, ya kamati, na mashahidi watie majina yao kamili. Na msiandike kwamba mtoto atarudi "baada ya vakansi". Andikeni tarehe.

Wallahu aalam.